Karatasi ya wapiga kelele: somo la uraia ambalo halimo kitabuni

Mwalimu wa Ziwani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Ilemela hapa Mwanza, upande wa ziwani, na masomo yangu ni Kiswahili pamoja na Uraia na Maadili. Jina la shule naliacha, kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yanafanyika katika shule nyingi za Kanda ya Ziwa na si haki shule moja ibebe lawama ya zote. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa shule ya msingi hujifunza uraia kutokana na jinsi shule yenyewe inavyoendeshwa, na pale ambapo uendeshaji huo unapingana na kitabu, kitabu hushindwa.

Nianze na kitu ambacho wengi wetu tuliosoma shule za msingi nchini tunakifahamu, yaani karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu anapotoka darasani kwenda ofisini au kwenye kikao, humwachia kiranja kazi ya kuandika majina. Kiranja huchana karatasi katikati ya daftari, husimama mbele ya darasa, na wenzake wote huutazama mkono wake ulioshika kalamu. Anayenong'ona huandikwa. Anayerudia huwekewa alama ya mkasi, na anayezidi huandikiwa neno "sana" mbele ya jina lake. Mwalimu akirudi, karatasi hukabidhiwa, majina husomwa, na walioandikwa huchapwa au hupigishwa magoti bila kuulizwa neno. Hakuna anayetaka kujua kama kweli walipiga kelele, wala kama kiranja mwenyewe alikuwa kimya.

Kati ya kuandikwa na kusomwa kwa majina, kuna biashara inayoendelea chini ya madawati, na mwalimu ambaye hajawahi kuiona basi hajatazama. Jina hufutwa kwa karanga za kiganja, kwa kipande cha muwa, kwa ubuyu, kwa shilingi mia ya mapumziko. Rafiki wa kiranja haandikwi kabisa. Aliyegombana na kiranja asubuhi kwenye bomba la maji huandikwa hata kama amelala usingizi juu ya dawati. Yule mkubwa mwenye ngumi nzito naye haandikwi, kwa kuwa kiranja anajua watakutana njiani jioni. Kwa hiyo, siku mwalimu anapofungua ukurasa unaoeleza maana na madhara ya rushwa, darasani wamo watoto waliokwisha kuitoa na wamo waliokwisha kuipokea, na wote wanajua kwamba shule yenyewe ndiyo iliyotengeneza mazingira hayo. Wanaandika maelezo ya ubaoni kwa mwandiko mzuri, wanajibu swali la mtihani na kupata vema, kisha mwalimu anatoka na karatasi inachanwa upya.

Ninaona jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ukiranja ni cheo cha kwanza ambacho Mtanzania hukutana nacho nje ya familia yake. Hapo ndipo anapoona kwa macho yake mtu wa umri wake akipewa mamlaka, na hapo ndipo anapojifunza mamlaka hutumikaje, hulalamikiwaje na huondolewaje. Kwa mfumo wa karatasi anajifunza kwamba mwenye cheo haulizwi, kwamba mtuhumiwa hasikilizwi, na kwamba njia ya kujinusuru ni kuwa karibu na mwenye kalamu. Mtoto huyo huyo tunatarajia akifika miaka 18 aende kwenye mkutano wa mtaa, asimame, aulize mapato na matumizi kwa adabu na bila woga. Atakuwa ameyapata wapi mazoezi ya kufanya hivyo?

Nchi yetu haijawahi kukosa somo la namna hii. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, hakuzungumzia shamba la shule peke yake. Alitaka shule iwe jumuiya, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya kazi zao na maisha yao ya pamoja. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe na fagio, na ile sehemu ya watoto kushiriki katika uamuzi ikapotea njiani. Tulikuwa na somo la Siasa. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992 tukaingia katika zama za somo la Uraia. Mtaala wa muongo uliopita ukaleta Uraia na Maadili, ambalo ni mojawapo ya masomo sita yanayotahiniwa darasa la saba. Na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unaliweka kando hatua kwa hatua ili kulipisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia darasa la tatu. Majina yamebadilika, vitabu vimeboreshwa, na sina ugomvi na waandishi wa vitabu hivyo. Ninachosema ni kwamba karatasi ya wapiga kelele imevuka mitaala yote hiyo bila kuguswa.

Katika madarasa yangu nimeiacha. Wanafunzi humchagua kiranja wao kwa kura ya siri, kila muhula, na aliyemaliza muhula hupisha wengine wagombee. Kiranja hana kazi ya kuandika majina. Kazi yake ni kugawa vitabu, kusimamia zamu za usafi na maji, na kuendesha kikao kifupi cha Ijumaa ambacho watoto wenyewe wamekipa jina la "dakika zetu". Katika kikao hicho aliyekerwa na mwenzake husema, anayelalamikiwa husikilizwa kabla uamuzi haujatolewa, na darasa hupendekeza namna ya kurekebisha. Aliyechana daftari la mwenzake hunakili upya kurasa zilizochanwa. Aliyemwita mwenzake jina baya humwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia. Mwalimu hukaa nyuma, na huingilia pale tu ambapo adhabu inayopendekezwa ni ya kudhalilisha, kwa sababu watoto, ukiwaachia, mwanzoni hupendekeza viboko kuliko hata walimu.

Wiki za kwanza kelele ziliongezeka, na baadhi ya walimu wenzangu walikuja mlangoni kuuliza kama darasa lina mtu. Utulivu wa hofu ulikuwa umeondoka na utulivu mwingine ulikuwa haujafika. Ulipofika, ulikuja kwa sura ambayo sikuitarajia. Binti mmoja mdogo kwa umbo, mtoto wa mvuvi, alichaguliwa kuwa kiranja, na siku ya zamu ya maji kijana mkubwa wa darasa alipomsukuma mwenzake ili achote kwanza, binti huyo hakupiga kelele wala hakukimbilia ofisini. Aliweka mkono juu ya koki, akaifunga, akasema, "Tunasubiri." Mstari mzima ukasimama na ndoo zao, hakuna aliyechota, mpaka yule kijana akarudi nyuma mwenyewe. Kisha akaifungua koki. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha ofisi na sikulazimika kusema lolote.

Naomba niongeze kwa nini kuheshimiana, kwa sisi wa kanda hii, ni suala kubwa kuliko adabu ya mezani. Katika mikoa yetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa katika wimbi lililotikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, na vikongwe, wengi wao wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochoshwa na miaka mingi ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Waliofanya hayo walizaliwa katika vijiji na mitaa yetu, na walilelewa katika jamii zile zile tunazotoka sisi walimu na wazazi. Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Na inaendelea: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Maneno haya mtoto wa darasa la nne anayaelewa bila shida. Ninachokifanya ni kuwaomba wayaseme, kisha nauliza ni nani katika mtaa wetu ambaye watu hawamtendei hivyo. Kimya hutanda kidogo, halafu majibu huanza: bibi anayekaa peke yake karibu na mlima wa mawe, kijana anayezungumza peke yake sokoni, mwanafunzi mwenzao mwenye ualbino ambaye wapo wanaotema mate chini anapopita. Somo lenyewe huanzia hapo, na mara nyingi kipindi cha dakika 40 hakitoshi.

Naomba michango yenu, hasa ya walimu na wazazi. Je, inawezekana shule zetu zikaendeshwa kwa namna ambayo mtoto anaiona heshima ikitendeka pande zote, kutoka kwake kwenda kwa mwalimu na kutoka kwa mwalimu kuja kwake?

Baba Watatu wa Buhongwa

Mwalimu, nakushukuru kwa mada, lakini nina mashaka. Sisi tulioandikwa kwenye karatasi hizo na kuchapwa ndio hao leo tunaolea familia. Mtoto wa zamani alipokutana na mtu mzima njiani aliweka mzigo chini, akapiga goti, akaamkia, na kwa Kisukuma alijua kutofautisha salamu ya asubuhi na ya mchana, "mwangaluka" na "mwadila", na jinsi ya kumwamkia baba, mama na wakubwa wengine. Wa leo anapita na begi lake kana kwamba barabara ni ya kwake. Nakubali kwamba kiranja anaweza kuonea. Lakini ukimwambia mtoto kwamba mwenye mamlaka anaweza kuulizwa maswali, kesho ataniuliza mimi kwa nini nimechelewa kurudi nyumbani. Naogopa tunavunja ukuta kabla ya kujenga mwingine. Viboko vichache havijawahi kuua mtu.

Mwalimu wa Ziwani

Baba, shikamoo, na asante kwa kusema wazi.

Kuhusu salamu, tuko pamoja kabisa. Darasani kwangu mtoto huamkia, na mwalimu huitikia akiwa amemtazama usoni, kwa sababu marahaba inayotupwa huku mtu anasahihisha madaftari inamfundisha mtoto kwamba salamu ni ushuru unaolipwa na mdogo. Wazee wetu wa Kisukuma walimwamkia mtoto pia, wakamuuliza habari za nyumbani kwao, ng'ombe na wagonjwa, na wakasubiri jibu. Adabu hiyo ilikuwa ya pande mbili, na ndiyo ninayoitetea.

Kuhusu viboko, naomba tusimame kidogo, kwa maana sentensi yako ya mwisho si sahihi. Mwezi Agosti 2018, upande wa pili wa ziwa hili hili, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba pochi, na mwalimu huyo alihukumiwa kunyongwa mwaka uliofuata. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe kwa kosa zito tu, na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Jiulize ni shule ngapi ulizosoma au ulizopeleka watoto ambako uliwahi kukiona kitabu hicho. Tunawafundisha watoto kutii sheria tukiwa tumeshika fimbo ambayo yenyewe imekiuka kanuni, na wao wanalijua hilo kuliko tunavyodhani.

Na akikuuliza kwa nini umechelewa kurudi, baba, mjibu. Utaona anakuheshimu zaidi.

Mama wa Mwaloni

Mwalimu, habari za kazi. Mimi si msomi, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, lakini uzi huu umenigusa nikaona niandike.

Mwanangu yuko darasa la tano, si shuleni kwako lakini ni shule ya jirani. Siku moja ya Jumamosi nilikuwa naye mezani ananisaidia kupima. Wenye kufika sokoni wanalijua kopo letu la kupimia, lile ambalo kitako chake kimebonyezwa kwenda juu ili lijae haraka. Mtoto alilishika, akaligeuza, akaingiza ngumi yake pale palipobonyea, akaniuliza kwa sauti ndogo ili mteja asisikie: "Mama, hapa si panatakiwa kuwa na dagaa?" Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya askari wa vipimo. Nilimwambia akatafute kopo zima. Siku ile nilipata pungufu, sitakudanganya, lakini wateja wawili watatu wa hoteli wamekuwa wakirudi kwangu moja kwa moja.

Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto akifundishwa vizuri analeta somo nyumbani, na nyumbani lisipopokelewa linafia hapo. Angeniuliza nikamzaba kofi, asingeuliza tena maisha yake yote. Kwa hiyo walimu wasiachiwe peke yao. Vikao vya wazazi visiwe vya michango ya uji na walinzi tu. Tuelezwe pia watoto wetu wanafundishwa nini kuhusu haki, tujue namna ya kuwajibu.

Mwalimu wa Ukerewe

Ndugu mleta mada, pokea salamu kutoka kisiwani. Naongeza mambo mawili kutokana na mazingira ya huku.

La kwanza ni sheria. Ni vigumu kumfundisha mtoto kutii sheria ikiwa anaiona sheria kama matakwa ya mkubwa. Huku kwetu tuna mfano ambao sitamani mahali pengine wapate. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kikitokea Bugolora. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki walikuwa 228, na walionusurika ni 41. Watoto ninaowafundisha wana ndugu katika hesabu hiyo, na wenzao wa Mwanza mjini wana makaburi ya MV Bukoba pale Igoma, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Nafundisha mada ya kutii sheria kwa kuandika ubaoni namba mbili tu, 101 na 228, kisha naacha darasa lizungumze. Mtoto mmoja aliwahi kusema kwamba kila aliyepanda akiona kimejaa alifikiri yeye ni mmoja tu. Sikuwa na cha kuongeza. Tangu hapo, tukienda safari ya kivuko na wanafunzi, wao wenyewe huhesabu abiria na kutafuta kibao cha idadi inayoruhusiwa, na wapo wafanyakazi wa kivuko ambao hawapendi kuhesabiwa na watoto.

La pili ni ualbino, kwa kuwa umeligusa. Heshima kwa mtoto mwenye ualbino haimaliziki kwa kumwambia darasa "msimcheke". Uoni wake ni hafifu, kwa hiyo akae mbele. Mwanga wa dirishani usimpige usoni. Maandishi ya ubaoni yawe makubwa na mtihani wake uchapwe kwa herufi kubwa. Avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule inasema vingine. Na wakati wa paredi asiachwe juani wimbo wa taifa ukisubiri mwalimu wa zamu. Katika mkoa wetu, Shule ya Msingi Mitindo iliyoko Misungwi imekuwa ikipokea watoto wasioona pamoja na wenye ualbino, na wakati wa mauaji watoto wengi walipelekwa huko kwa ajili ya usalama. Tuliwahitaji waliowapokea, na tunawashukuru. Lakini lengo letu liwe mtoto huyo kurudi kusoma katika shule ya kijijini kwao, akarudi jioni kulala kwa mama yake, na hilo linawezekana tu ikiwa wanafunzi wenzake wamelelewa kumwona kama mwenzao. Nimeshuhudia madarasa ambamo watoto wenyewe walipanga zamu ya kumsindikiza mwenzao hadi nyumbani. Hakuna mtihani uliowapa alama kwa hilo.

Mzazi wa Nyakato

Mimi ninasomesha mtoto katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, jina silitaji. Huko karatasi ya wapiga kelele ina ndugu yake, nayo ni kibao kinachovalishwa shingoni kwa mtoto aliyekamatwa akizungumza Kiswahili. Aliyevaa hawezi kukivua mpaka amsikie mwingine amkabidhi, kwa hiyo muda wa mapumziko watoto hunyatiana kusikilizana. Mwanangu alirudi siku moja akinieleza kwa furaha jinsi alivyomtega rafiki yake kwa kumkanyaga mguu ili alie kwa Kiswahili. Nilikaa na hilo usiku mzima. Ninalipa ada ili mtoto ajue lugha, na pamoja na lugha amefundishwa kumsaliti rafiki. Nimeandika barua kwa uongozi wa shule na ninasubiri majibu. Nawaomba wazazi wengine wenye hali hii tusikae kimya kwa kuogopa kuonekana hatutaki Kiingereza.

Mwalimu wa Ziwani

Mama wa Mwaloni, nimeisoma habari yako kwa sauti ofisini na walimu wamenyamaza. Hilo la kikao cha wazazi nimelichukua.

Maelezo ya mzazi wa Nyakato yananipeleka kwenye jambo ambalo walimu wa pwani ya ziwa hukutana nalo mara kwa mara. Tunapofundisha ulinzi wa rasilimali, kitabu kinasema uvuvi haramu ni kosa, na ni kweli: kokoro, yaani ule wavu wa kukokotwa, linazoa mayai na samaki wachanga, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama baba ana kokoro, nimsemee?" Darasa zima liligeuka kunitazama mimi.

Nilimjibu kwamba shule haimtumi mtoto kumpeleleza mzazi wake. Serikali ina maofisa uvuvi, na vijiji vina vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi. Hiyo ni kazi ya watu wazima. Kisha tulizungumza kuhusu kwa nini mtu mwenye watoto wa kulisha anatumia kokoro, nyavu halali zinauzwa bei gani, na ziwa litakuwaje wao watakapokuwa na umri wa baba zao. Kulikuwa na hasira darasani, na kulikuwa na watoto waliowatetea wazazi wao kwa hoja nzuri sana. Ninaamini uraia wa kweli una nafasi ya mazungumzo ya namna hiyo, ambapo mtu anajua sheria, anaielewa sababu yake, na bado hamdharau aliyeivunja kwa shida. Kinyume chake ni kulea kizazi cha kuchomeana majina, na mazoezi ya hilo tayari tunayatoa kwa karatasi na kwa kibao cha shingoni.

Mgeni wa Jukwaa

Nimeusoma uzi wote. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, pembezoni mwa jiji, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia moja na ishirini, ingawa mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Naunga mkono hoja, lakini kwa darasa kama hilo kura ya siri na kikao cha Ijumaa vinafanyikaje? Naomba maelekezo ya vitendo.

Baba Watatu wa Buhongwa

Nami nasubiri jibu hilo. Sijakubali yote, ila nimekubali kwenda shuleni kwa wanangu wiki ijayo kuomba kuonyeshwa kitabu cha adhabu.

Mwalimu wa Ziwani

Baba, nenda na mzazi mwingine mmoja, muombe kwa upole kwa mwalimu mkuu, na mpitie kwa mwenyekiti wa kamati ya shule ili isionekane mmekuja kwa ugomvi.

Mwalimu mwenzangu, inafanyika, na ukubwa wa darasa unakupa sababu zaidi ya kuifanya, kwa kuwa peke yako hulimudu. Kwa kura, tafuta makopo matupu kulingana na idadi ya wagombea, usizidishe watano. Yabandike majina, yapange nje ya mlango au nyuma ya ubao unaohamishika, yafunike kwa karatasi yenye tundu. Kila mwanafunzi apewe punje moja ya mahindi, apite peke yake, adumbukize, atokee upande wa pili. Wakati wanapita, waliobaki wafanye zoezi la kuandika ili usikae na vurugu. Wahesabuji watoke safu tofauti, wahesabu kwa sauti mbele ya wote, na wagombea wasimame pale karibu wakiona. Kabla ya siku ya kura, wape wagombea dakika mbili mbili za kusema watafanya nini, na uwakataze ahadi za kugawa vitu. Utakuta wapo waliokwisha kuahidi pipi, na hapo umepata mada ya kipindi kizima bila kufungua kitabu.

Kwa kikao cha Ijumaa, usijaribu kukaa na watu 120 pamoja. Wagawe katika makundi ya safu, kila kundi lenye mwenyekiti na mwandishi wake, wasikilizane wenyewe kwa robo saa, na lile linaloshindikana tu ndilo liletwe mbele ya darasa. Mwandishi aandike kilichokubaliwa, siyo majina ya wakosaji, na Ijumaa inayofuata aanze kwa kusoma kama kimetekelezwa. Usiruke hatua hiyo ya kusoma, maana wakiona makubaliano yao hayafuatiliwi wataacha kuyatoa. Na mweleze mwalimu mkuu mapema kabla hujaanza, umwonyeshe ratiba, umwombe aje kuhudhuria mara moja akae nyuma kama msikilizaji. Kwa idadi yako, kipindi kimoja cha kura kinatosha ikiwa makopo yamepangwa wakati wa mapumziko na punje zimegawiwa kwa safu kabla kengele ya kuingia haijagongwa.